Sta jasmini kutoka vitalu vya barabara ya Entebbe: mmea nyota 4, muuzaji wa kwanza nyota 1

Nianze na bei maana najua ndo kitu wengi wenu mnatafuta. Mche wa kufika gotini niliuziwa shilingi 25,000 za Uganda kwenye kitalu cha kwanza, alafu kwa mama wa kitalu cha pili nikaupata kwa 15,000, vyote viko kando ya barabara hiyo hiyo ya Entebbe, na ule wa 15,000 ndo umefunika ukuta wangu hapa Kajjansi. Ule wa 25,000 hata haukuwa sta jasmini, yaani huu mmea wa kupanda ukutani wenye maua meupe yanayonukia. Kwa hiyo hapa nazungumzia mmea na nazungumzia pia wanaouuza, maana mmea ni mzuri lkn njia ya kuufikia ina mitego kibao.

Nilichokuwa nataka ni kitu kimoja tu. Nina ukuta mrefu wa bloku upande wa magharibi, jua la mchana linaupiga mpaka jioni, unatoa joto hadi tukikaa nje tunahama na viti. Nikataka mmea wa kupanda ukutani, unaobaki na majani mwaka mzima, usio na miiba kwa sababu watoto wanacheza hapo, na unaonukia. Bogenvilia nikaitoa mapema, ina rangi nzuri sana na kiangazi haijali, lkn miiba yake mnaijua na harufu haina. Ile ya maua ya rangi ya chungwa inayoning'inia kwenye mageti ya Muyenga kule Kampala nayo inapendeza, harufu hakuna. Sa watu wakaniambia tafuta jasmini.

Hapo ndo shida inaanza, jamani. Kwenye hivi vitalu kila ua jeupe linalonukia linauzwa kama jasmini. Ukiuliza unaonyeshwa mimea minne tofauti na mtu mmoja, na zote anaapa ni zenyewe. Yule wa kwanza ni kijana mchangamfu, Kiswahili chake safi cha kutoka Busia, akaniambia "Mama, hii orijino, ikitoa maua usiku mpaka jirani atakugongea geti." Hilo la jirani hakudanganya. Kile kilikuwa kichaka cha malkia wa usiku, jina lake la kitaalamu Cestrum nocturnum, asili yake Amerika ya kitropiki huko, na hakipandi ukuta wowote, kinajisimamia chenyewe kama kichaka. Maua yake membamba ya kijani-njano, mchana yamefunga huoni kitu, usiku yanafunguka na harufu yake ni nzito mno, unafunga dirisha na bado inaingia. Kuna wanaoipenda. Mi kichwa kiliuma. Na kinazaa vitunda vyeupe ambavyo ni sumu, sa kwa nyumba yenye watoto wadogo wanaookota kila kitu hapana, nikaking'oa. Nilipomrudia akasema nimebadilisha mche. Hela haikurudi, nyota 1 ni yake, na hiyo moja ni ya ucheshi.

Kwa hiyo ukienda kununua fanya hivi, usiangalie maua, maua yanaweza kuwa hayapo na muuzaji atajaza mwenyewe kwa mdomo. Omba ruhusa ukate jani moja la chini. Sta jasmini ya kweli (Trachelospermum jasminoides, mwonyeshe hilo jina kwenye simu) ikikatwa inatoa maziwa meupe hapo hapo, kwa sababu ukoo wake ni mmoja na franjipani na oleanda. Asmini zile za kina Jasminum hazitoi maziwa, ni ukoo mwingine kabisa, wako na mizeituni. Jani la sta jasmini ni gumu kidogo, limeng'aa, kijani iliyokolea, limechongoka mbele, na majani yanakaa mawili mawili yakitazamana kwenye shina. Ukiona jani limegawanyika vijani vidogo vitano au saba kwenye kijiti kimoja na vichipukizi vya maua vina rangi ya waridi, hiyo ni Jasminum polyanthum, nayo inapanda na inanukia vizuri tu, inakua haraka kuliko hii, lkn ni mmea mwingine na inakuwa vurugu isipopogolewa. Alafu kuna stefanotisi, ya asili ya Madagaska, ile maua yake wanawekea mabibi harusi. Hiyo nayo inatoa maziwa, kwa hiyo maziwa peke yake yasikudanganye, lkn jani lake ni pana na nene, ukilikunja unahisi unene, na ua lake ni kama limepakwa nta.

Haya, kitalu cha pili. Huyu ni mama mtu mzima, amekaa chini ya turubai, hana haraka na wewe. Nilipomuuliza sta jasmini hakunionyesha kitu, aliniuliza kwanza ukuta unatazama wapi na kama nyumba ni yangu au napanga. Nikamuuliza kwani inahusu nini, akasema "Nnyabo, hii kitu ukipanda leo, kula matunda yake ni baadaye. Mwenye nyumba akikufukuza utamwachia." Hapo nikajua niko kwa mtu anayejua anachouza. Kweli kabisa, mwanzo haufanyi lolote. Huko Uingereza wanaandika kabisa kwamba inaweza kuchukua miaka 10 hadi 20 kufika urefu wake wote, ambao ni mita 6 na kupita, hata 9. Huku kwetu joto linasaidia, hatuna baridi ya kuusimamisha, lkn bado msimu wa kwanza utakuwa unautazama tu kila asubuhi ukijiuliza kama umekufa. Haujafa, uko chini unatengeneza mizizi.

Kitu kilichonifurahisha kwa huyu mama ni vile anavyozalisha miche yake. Hapandi vipande vikavu kwenye mchanga na kuomba Mungu. Anachukua tawi refu la mmea mama bila kulikata, analiinamisha, analikwaruza kidogo kwa chini kwa kisu, analizika katikati kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) yenye udongo, anawekea jiwe lisinyanyuke, ncha inabaki nje. Likishashika mizizi ndo analikata kutoka kwa mama yake. Alinifungulia kaveera moja nione, mizizi myeupe imesambaa vizuri haijajizungusha. Huo ndo mche wa kununua. Kule kwa kijana wa kwanza niliona miche mirefu inavutia macho, lkn ukiinua kaveera mizizi imetoboa chini na imejisokota, maana yake umekaa humo muda mrefu kupita kiasi, ukiupanda hivo unaendelea kujizungusha ardhini bila kwenda mbele. Mrefu si mzuri, nunua mfupi wenye matawi mawili matatu kutoka chini.

Kubeba ni boda, mche katikati yako na dereva, maziwa ya jani lililovunjika yakagusa shati lake akalalamika mpaka Kajjansi. Basi funga kwenye gazeti.

Kupanda sasa. Mama alisema msubiri mvua, mwezi wa 3 au mwezi wa 9, na usipande ukiwa umegusa ukuta. Acha kama sentimita 40, kwa sababu chini kabisa ya ukuta mvua haifiki vizuri na mafundi wanazika hapo kila uchafu wao, mi nilichimba nikakuta saruji iliyoganda, vipande vya tofali na mifuko. Udongo wetu huu mwekundu ni mzuri ila unashikana, nikachanganya na samadi ya ng'ombe iliyooza na udongo mweusi kidogo. Mbolea ya kuku mbichi usithubutu, inaunguza mizizi. Juu nikamwaga maganda ya kahawa, gunia moja linatosha miche kadhaa, yanashika unyevu na magugu hayaoti. Hayo maganda usiyasogeze mpaka kwenye shina, acha nafasi, shina likikaa na unyevu siku zote linaoza.

Na hii mmea haijibandiki ukutani kama ile mingine yenye vinyonyi, hii inajizungusha. Lazima iwe na kitu cha kuzunguka. Kuna mahali wanakuuzia na fremu ya mbao, wamepaka rangi nyeupe, inapendeza, 40,000. Achaneni nayo. Mchwa wa wilaya yetu ya Wakiso waliila yangu kutoka chini, rangi ikabaki imesimama na ndani hakuna mbao, siku ya upepo ikalala na mmea wote. Muuzaji alikuwa ameniambia imetiwa dawa. Fundi wangu akaniambia weka waya, akatoboa ukuta, akafunga skrubu za kitanzi, waya isiyoshika kutu ikapita kwa mlalo kila baada ya sentimita 40 kwenda juu, na akaiacha mbali na ukuta kidogo, vidole viwili vipite nyuma, ili tawi lizunguke na hewa ipite. Waya ule mwembamba wa kufungia nondo usitumie, unashika kutu na unakata shina likinenepa. Mwanzoni unaongoza matawi kwa mkono, unayalaza kwa upande kufuata waya. Ukiyaacha yapande wima tu yatakimbilia juu yote na chini utabaki na vijiti vitupu.

Maji, kiangazi cha mwezi wa 1 na wa 2 nilikuwa namwagia jerikeni moja jioni mara kadhaa kwa wiki kwa mwaka wa kwanza. Sahivi simwagii, unajitegemea.

Haya, harufu, maana ndo tulichokuja nacho. Ua moja ni dogo, kama sentimita 2 na nusu, jeupe, petali tano na kila moja imejipinda upande mmoja, unaona kabisa limekaa kama pangaboi linataka kuzunguka. Yanakuja kwa vikonyo, mengi kwa pamoja. Likizeeka linakuwa na rangi ya krimu. Mchana ukipita unasikia kidogo tu, jioni jua likishuka ndo inatoka, tamu, ina kitu kama asali na kwa nyuma kama kuna viungo vidogo, na haikupigi usoni kama yule malkia wa usiku. Nimekaa nao chini ya dirisha la chumba cha kulala na tunalala vizuri. Nyuki wanakuja, kama una mzio wa nyuki usiupande mlangoni.

Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Mombasa, mtu wa vikuba huyo (vile vishada vya maua ya kunukia wanavyovaa wanawake wa pwani), nikamtoa nje kwa kujidai nimwonyeshe asmini yangu. Akainusa, akazungusha ua kwenye vidole, akanitazama. "Mwanangu, hii si asmini." Nikamwambia mama, naijua si ile ya kwenu. Akasema "Yanukia, hilo siwezi kukataa. Lakini kwenye kikuba haiingii." Akanieleza yao inachumwa jioni ingali kichipukizi, inatungwa kwenye uzi, inafunguka usiku ikiwa kwenye nywele. Hiyo ni Jasminum sambac. Akajaribu hii kuichuma kwa ubishi tu, maziwa yakatoka kwenye kila kikonyo, vidole vikanata, akaenda kuosha kwa mafuta ya kupikia ndo yakatoka. Kwa hiyo kama lengo lako ni maua ya kuvaa au ya kuweka kitandani, sta jasmini itakuudhi. Hii ni ya ukuta. Na wale wenye ngozi laini vaeni glavu mkipogoa, shamba boi wetu alipata vipele mkononi.

Nyota moja niliyoitoa kwenye mmea ni kwa ajili ya maua yenyewe kutokuwa ya mwaka mzima, na muuzaji hata mmoja hakuambii. Kule kwao China na Japani unakaa kwenye baridi, unavumilia hata nyuzi kadhaa chini ya sifuri, alafu joto likirudi unatoa maua yote kwa mpigo. Sisi hapa Kampala na Entebbe tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, tuko karibu na ikweta, baridi ya kuuamsha haipo. Kwangu unatoa maua kwa mafungu, fungu kubwa linakuja mvua ikishaanza baada ya kiangazi, katikati unapata moja moja tu, na kuna miezi mizima ni majani peke yake. Majani yenyewe ni mazuri, yanang'aa, ukuta wote ni kijani na joto lile la jioni limepungua kabisa, lkn ukinunua ukitegemea utanukia kila usiku kama ulivyoambiwa barabarani utakuja kunitukana hapa.

Na kupogoa ndo kunaharibu wengi. Maua yanatoka kwenye vitawi vya pembeni vya matawi yaliyokomaa. Shamba boi wangu, kijana mzuri sana sina neno naye, siku moja niko kazini akachukua panga akausawazisha wote kama ua wa michongoma, nikarudi nikakuta umenyooka, unapendeza, na msimu ule hatukuona ua hata la dawa. Makasi, si panga, na unapogoa fungu la maua likishaisha, unatoa yale yaliyochomoza nje na yaliyokauka, basi.

Wadudu, kuna vile vijidudu vyeupe vya unga vinavyojificha kwenye makutano ya jani na shina, ukiona sisimizi wamepanga mstari kupanda mmea ujue wanawafuata hao, alafu majani yanapata masizi meusi yanayofutika kwa kidole. Maji ya sabuni kwa chupa ya kupulizia, jioni, rudia mpaka waishe. Sijawahi kutumia sumu ya dukani.

Jirani yangu aliniambia nitaleta nyoka. Kila mmea wa kutambaa hapa Uganda utaambiwa unaleta nyoka, banange, hata passioni. Nyoka anafuata panya na panya anafuata uchafu, mi chini nimeuacha wazi mpaka urefu wa goti, hakuna majani yanayogusa ardhi, naona mpaka ukutani. Huyo huyo jirani juzi kaniomba tawi la kuzika kwenye kaveera.

Kama unapanga nyumba, nenda na polyanthum, inakimbia, utaifaidi kabla mkataba haujaisha. Kama una jengo lako na ukuta unaokuchoma, sta jasmini, na nunua mitatu ukiweza, iache mita 2 na nusu hivi kati ya mmoja na mwingine, kwa mama niliyemsema mitatu alinipunguzia ikawa 40,000. Mtu wa Kabale akipanda aniambie, kule ni juu sana na usiku kunauma, nadhani yake itatoa maua kuliko yangu.

Kitalu cha mama kiko mkono wa kushoto ukiwa unatoka Kampala, utaona turubai la buluu na miche imepangwa kwenye matairi. Mobile money anapokea. Jumapili yuko ila kuanzia saa nane mchana, asubuhi anakuwa kanisani na mtoto anayebaki pale hajui tofauti ya mimea, atakuuzia chochote. Na nendeni na mfuko wenu, wa kubebea anauza 1,000.